Mzazi Hashiki Maji

Jikoni kwa wakwe zangu, mjini Akashi, kuna kalenda tatu ukutani, na sina usemi juu ya hata moja. Ya kwanza ni ya tarehe za kawaida. Ya pili inafuata wale wanyama kumi na wawili wanaopokezana siku na miaka huku Japani, tangu panya hadi nguruwe mwitu. Ya tatu kaichora baba mkwe mwenyewe kwa rula na kalamu ya risasi, akapanga humo kila linalompasa mjamzito, mzazi na mtoto, kuanzia mimba ya miezi mitano mpaka mtoto atimize mwaka. Jina langu limo karibu kila ukurasa: aoshe, alipe, abebe, asubiri nje.

Kama umeoa, mwenzangu, na umewahi kulala ukweni zaidi ya usiku mmoja, sogea hapa tuzungumze.

Kwanza uwajue watu wangu. Baba mkwe namwita Saa ya Akashi. Mji huu uko ukingoni mwa mlangobahari unaotazama kisiwa cha Awaji, na mstari wa longitudo 135 Mashariki, ambao Japani nzima inafuata kuweka saa zake, unapita hapa hapa. Mzee amejitwika ulinzi wa mstari huo. Wali ukichelewa dakika tano anasimama mlangoni mwa jiko, kimya, mikono nyuma. Mama yake, ajuza wa miaka themanini na sita, ni Jaji: hapandishi sauti, na hukumu yake haina rufaa. Mama mkwe ni Farasi wa Moto, jina ambalo sikulitunga mimi, na kisa chake kinakuja. Mke wangu siku hizi ni Mama Sara. Na huko Tanga, kwenye simu, usiku na mchana, yuko mama yangu mzazi. Yeye tunamwita Balozi.

Tulifika Akashi kwa desturi. Binti wa Kijapani akikaribia kujifungua hurudi kwao, akatunzwa huko mpaka mtoto apate kama mwezi. Wanaiita *satogaeri*, na Balozi aliposikia alifurahi, kwa kuwa hata kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mimi nilikuja na likizo ya baba, ile ambayo tangu Oktoba 2022 sheria ya Japani inamruhusu baba kuchukua hadi wiki nne ndani ya wiki nane za mwanzo. Saa ya Akashi aliipokea barua ya likizo yangu kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye kalenda ya tatu.

Lakini mambo yalikuwa yameanza zamani, mimba ilipofika mwezi wa tano. Huku mjamzito hufungwa kitambaa tumboni siku ya mbwa, ambayo hurudi kila baada ya siku 12, kwa sababu mbwa huzaa watoto wengi na huzaa kwa urahisi. Watu wa mkoa wa Hyogo hupenda kwenda hekalu la Nakayama-dera, kule Takarazuka. Wenyewe husimulia kwamba hata mama yake Mfalme Meiji alifungwa kitambaa kilichotoka hapo. Ukishajifungua salama unarudi kushukuru, unarudisha kile ulichopewa na kuongeza kipya, ili mwanamke mwingine naye akipate. Tulikwenda ukoo mzima, kwenye gari moja, na Jaji kakaa mbele.

Tatizo lilianza Balozi alipokiona kitambaa kwenye simu. "Mbona mnamfunga kabla? Mkaja ni baada ya kuzaa!" Farasi wa Moto akajibu kwamba tumbo lazima lipate joto na lishikiliwe tangu sasa. Nikawa mkalimani wa wanawake wawili ambao hakuna kati yao aliyengoja tafsiri. Waliafikiana kwamba kabla ya kuzaa afungwe Kijapani, baada ya kuzaa afungwe Kitanga, na gharama za posta nilipe mimi. Kifurushi kikaja: mkaja, doti za khanga, na pilipili manga ya kutosha uji wa mtaa mzima.

Miezi iliyofuata ikawa ya miiko. Mjamzito asitazame nyumba inayoungua, mtoto atazaliwa na alama nyekundu. Asihudhurie mazishi, atazaliwa na alama nyeusi. Na ikibidi ahudhurie, aweke kioo kidogo tumboni, uso wa kioo ukitazama nje, ili baya lirudi lilikotoka. Jirani mmoja mzee alifariki, na Mama Sara akaenda kuaga akiwa na kioo cha poda ndani ya kitambaa chake. Aliporudi hakusema neno, ila kile kioo hakukitoa mpaka alipolala. Na wanasema mjamzito akisafisha choo vizuri atazaa mtoto mzuri. Hapo Farasi wa Moto alimtazama binti yake, akamtazama tumbo, akanikabidhi brashi. Uzuri wa mtoto, akasema, unaweza kupitia kwa baba pia. Nilisugua kile choo kwa moyo wangu wote, na mtoto, mtakuja kumwona, ni mzuri.

Sasa nilipe deni la lile jina. Katika mzunguko wa miaka 60 unaofuatwa na kalenda ya pili, mwaka mmoja huwa wa farasi na moto kwa pamoja, na watu waliamini kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo huwa mkali na humfupishia mumewe maisha. Hadithi huihusisha imani hiyo na Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo aliyechomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha moto kwa ajili ya mapenzi. Usidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 1965 Japani ilipata watoto milioni 1.82. Mwaka 1966, mwaka wa farasi wa moto, wakazaliwa milioni 1.36, kwa kuwa wazazi wengi waliogopa kupata binti. Mwaka uliofuata idadi ikapanda tena.

Mama mkwe alizaliwa 1966. Saa ya Akashi alipomleta nyumbani kama mchumba, Jaji alilia usiku kucha, akiamini mwanawe wa pekee atakufa mapema. Ndoa ikafungwa hata hivyo. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo hilo mezani, ila Farasi wa Moto mwenyewe, ambaye hulivaa lile jina hadharani. Na mwaka huu, 2026, farasi wa moto amerudi, na binti yetu Sara akazaliwa mwezi wa Machi. Mama Sara alihesabu miaka ile ile niliyoihesabu mimi. Tulitazamana, tukanyamaza.

Hospitali ilitukabidhi mtoto, mama, na kisanduku cha mti wa kiri. Ndani ya kisanduku kulikuwa na kipande cha kitovu kilichokauka. Huku huhifadhiwa ndani ya nyumba. Wengine humpa binti siku ya kuolewa, wengine hukiweka ndani ya jeneza la mama, ili mama na mwana waendelee kutambuana. Nilimwonyesha Balozi, na simu ikatetemeka mkononi mwangu. "Kitovu hakijazikwa? Sasa mtoto atasema kwao ni wapi?" Mimi changu kilizikwa nyuma ya nyumba, chini ya mnazi, na mpaka leo nikitaja kwetu ndipo miguu yangu inapoelekea. Nililipeleka shauri kwa Jaji kwa heshima zote. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kisanduku kama hicho, chake yeye, akakiweka kando ya cha Sara, akafunga. Shauri likaishia hapo. Balozi alinuna siku mbili tatu, kisha akaanza kuuliza kama kile kisanduku hakiingii wadudu.

Halafu ikaanza ile zamu yenyewe ya kumtunza mzazi. Mzazi wa Kijapani, kwa mila, hulala kitandani wiki tatu. Godoro lake halikunjwi mpaka siku ya 21. Hashiki maji, hasa ya baridi. Hashoni wala hasomi, macho yataharibika. Hanyanyui kitu kizito kuliko mtoto wake. Miguu isipoe, kwa hiyo soksi, na juu ya soksi, soksi. Jaji alitaka apewe *mochi*, ile keki ya wali inayonata, ili maziwa yatoke. Mkunga wa kliniki akaonya kwamba *mochi* itaziba matiti. Farasi wa Moto akaipika, akaikata vipande vidogo sana, akawaridhisha wote. Uji wa pilipili manga ulipita bila ubishi. Jaji aliuonja, akatoa jasho, akasema kwa hakika hii inafukuza baridi mwilini, akaomba bakuli la pili.

Hizi amri zote nilizisikia kama miiko ya mke wangu. Jioni ya kwanza, mbele ya sinki lililojaa vyombo, nilielewa ni za nani. Yeye hashiki maji: vyombo, nepi na nguo ni mimi na Saa ya Akashi. Yeye hasomi: fomu zote ni mimi. Kuandikisha kizazi lazima kufanyike ndani ya siku 14, na karatasi zake zimeandikwa kwa maandishi yanayonitoa machozi. Tena kuna daftari la mama na mtoto, ambalo kila mjamzito wa Japani hupewa. Lilianza 1942 kama kitabu cha wajawazito, na mwaka 1948 likawa la mama na mtoto pamoja, na anayeijua kadi yetu ya kliniki angelitambua mara moja. Ndani mna uzito, urefu, chanjo, maswali ya kila mwezi. Mna pia kadi ya rangi za choo cha mtoto, iliyoongezwa 2012, yenye rangi saba zenye namba, kwa sababu choo cheupe kinaweza kuonyesha ugonjwa wa njia ya nyongo, unaotakiwa kutibiwa mapema. Saa ya Akashi aliipenda kadi ile. Kila nepi ilipofunguliwa alifika na miwani na tochi. "Namba tano," anasema. "Mimi naona sita," nasema. Mama Sara anatuambia kutoka kitandani kwamba mtoto anapata baridi.

Siku hizo hizo Jaji aligundua baka la bluu kwenye makalio ya Sara, akacheka kwa furaha. Ndipo mungu wa uzazi alipompiga kofi, akasema, kumwambia toka haraka, mama yako amechoka. Balozi naye akadai baka kama hilo nilikuwa nalo mimi utotoni, mahali pale pale. Watoto wengi wa Asia na wa Afrika huzaliwa nalo, na hufifia wakikua. Bibi wawili walilishangilia baka lile kwa lugha mbili, mtoto akiwa uchi katikati, mpaka Saa ya Akashi akatangaza muda wa kuoga.

Siku ya saba ilikuwa ya jina. Huku ndiyo *oshichiya*, usiku wa saba: jina huandikwa kwa brashi na wino kwenye karatasi nyeupe, likabandikwa ukutani. Baba mkwe alikuwa amekwisha kuhesabu mistari ya kila herufi, kwa kuwa kuna idadi inayoaminika kuleta heri na idadi inayoaminika kuleta mkosi, na akakataa namna tatu za kuandika Sara kabla ya kuikubali ya nne. Tanga nako siku ya saba ina haki zake. Kaka yangu alichinja mbuzi wa akika, na Balozi akataka mtoto anyolewe. Mama Sara akashtuka. Huku nywele za kuzaliwa huachwa zikue, kisha zile za kwanza kukatwa hutengenezwa brashi ya kuandikia, kumbukumbu ya maisha. Farasi wa Moto alisimama upande wa brashi. Mimi nilisimama karibu na mlango. Jaji aliomba kimya, akasema kwamba zamani hata huku watoto walinyolewa siku ya saba, na yeye mwenyewe aliona wembe huo kwa mama yake. Hukumu ikatoka. Sara akanyolewa, Balozi akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na Saa ya Akashi akaenda kufuta neno "brashi" kwenye kalenda, polepole, kwa raba.

Usiku ndio uliotushinda. Sara alilia kuanzia saa sita ya usiku mpaka majogoo. Jaji akasema ni mdudu, yule mdudu wa hasira ambaye wazee wa Japani waliamini huishi ndani ya mtoto mchanga na kumchokoza. Ukanda wa Osaka una tiba yake ya siku nyingi, aina ya tiba ya sindano isiyochoma, ambapo mtaalamu humkwangua mtoto ngozi taratibu sana kwa kifaa kidogo cha chuma. Tukafunga safari. Sara alilala garini tangu kona ya kwanza, akalala kwa mtaalamu, akalala wakati wa kurudi. Tangu siku hiyo, akianza kulia, baba mkwe na mimi tunatoka naye kimya kimya na gari, tunauzunguka mji, na ndani ya nyumba wanawake watatu wanalala.

Mtoto alipofikisha mwezi akapelekwa kwa mara ya kwanza kwenye hekalu la Shinto la mtaa. Mila inataka abebwe na bibi mzaa baba, joho la sherehe likifungwa mabegani mwa bibi huyo. Bibi mzaa baba yuko Tanga. Farasi wa Moto akambeba kwa niaba, akiwa na khanga ya Balozi ndani ya joho, na mimi nikatembea mbele nikiwa nimeinua simu ili mwenye haki yake aone. "Shingo!" Balozi akawa anapiga kelele uani mwa hekalu. "Mshike shingo!"

Niliuliza kwa nini mama mwenyewe asimbebe mwanawe. Jaji alinijibu bila kuficha. Zamani damu ya uzazi ilihesabiwa uchafu, na mzazi hakuruhusiwa kukaribia mahali pa ibada. Palikuwa na vijiji ambako mwanamke alitengwa na nyumba yake, akazalia kibandani. Kibanda kimoja bado kimehifadhiwa, katika kijiji cha Oobara, eneo la Fukuchiyama, mkoa wa Kyoto, paa lake la nyasi likigusa ardhi. Jaji alisema jambo lile lilikuwa la kumdhalilisha mwanamke, na ni vizuri limekwisha. Kisha akaongeza kwamba kwa mke wa mkulima, aliyekuwa shambani mpaka uchungu unamshika, kibanda kile ndipo mahali pekee ambapo mama mkwe hakuweza kumtuma maji.

Nimelifikiri neno lake mara nyingi nikiwa sinkini. Kila mwiko wa mzazi ni kazi iliyohamishwa. Mtu akisema mzazi asishike maji, vyombo havitoweki. Vinahamia kwenye mikono mingine. Asiyenyanyua mzigo ananyanyuliwa na wenzake. Wazee wa Akashi waliliambatanisha jambo hili na miungu na wadudu, wazee wa Tanga wakaliambatanisha na arobaini na mashetani, na huenda walifanya hivyo kwa sababu mume akiambiwa tu kwamba mkewe amechoka, hasikii. Lakini akiambiwa kuna mwiko, anasimama. Mila nyingine zilimwonea mwanamke na ziende zake. Hii ya kumlaza mzazi na kuwaamsha wengine, tuishike.

Siku ya 100 Sara alilishwa kwa mara ya kwanza, kwa ishara. Nilitumwa soko la samaki la Uonotana kununua *tai*, yule samaki mwekundu ambaye mkondo mkali wa Akashi umemjenga misuli, awe mzima, kichwa na mkia. Pweza naye, maana watu wa pande hizi humweka mezani siku hiyo ili meno ya mtoto yawe imara. Nilipomchagua pweza kwa kumshika mkono, muuzaji alijua mara moja kwamba nimekulia pwani. Palikuwa na wali mwekundu wa kunde, supu, na kijiwe kilichoazimwa uani mwa hekalu, kikaoshwa: vijiti vya kulia hugusishwa kijiwe, kisha ufizi wa mtoto, ili meno yawe magumu kama hicho.

Anayelisha ni mzee kuliko wote wa jinsia ya mtoto. Kwa hiyo ni Jaji. Na siku hiyo hiyo tulimfanyia mama mkwe sherehe ya miaka 60, ambapo mtu aliyemaliza mzunguko wake huvishwa kizibao chekundu, nguo ya mtoto mchanga, kwa kuwa anaanza upya. Jaji alimlisha Sara: wali, supu, wali, samaki, mara tatu, na Sara akatema kila alichogusishwa. Kisha akakichukua kile kizibao kutoka mikononi mwa mwanawe, akamvisha mkwewe mwenyewe, akamfunga kamba. Akasema, tukisikia sote, kwamba aliogopa bure kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba nyumba yenye farasi wa moto wawili haitakosa joto. Farasi wa Moto, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, aliinamisha kichwa akalia. Saa ya Akashi alitoka nje kutazama muda. Mama Sara alinishika mkono chini ya meza, kwa nguvu.

Baada ya hapo nikaosha vyombo. Kuna zawadi za watu za kurudishiwa nusu ya thamani yake, na Farasi wa Moto anayo orodha. Tunabishana bado nusu ya khanga ni nini. Kuna mwaka wa kwanza, ambapo Sara atabebeshwa *mochi* ya karibu kilo mbili mgongoni, na kalenda ya tatu imekwisha kuamua nani ataibeba kutoka dukani. Nawe mwenzangu, siku utakapoambiwa kwamba mkeo hatakiwi kushika hiki wala kile, usibishane kuhusu ukweli wa imani. Uliza kazi hiyo imeachwa kwa nani, kisha kunja mikono ya shati.